Aliyelinda Miti Dhidi Yetu

Kaptula zake zilikuwa ngumu kama gome. Wanawake wa kwetu walisema akizivua jioni hazianguki, zinabaki zimesimama kando ya kitanda zikimsubiri. Alizitia wanga wa muhogo, na muhogo wenyewe alinunua kwetu, kwa watu walewale aliowafukuza msituni kama nyani. Tulimwita Bwana Misitu, mbele yake na nyuma yake. Nyuma yake tuliongeza mengine ambayo sitayaandika, maana binti yangu Kalunde ameanza kusoma.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake nani. Sikuuliza. Mtu aliyemnyang'anya mama yako panga mbele ya macho yako humuulizi habari za ukoo. Nilimjua tangu nikiwa msichana mdogo ninayebeba kijimzigo cha kuni nyuma ya mama. Nikamkuta palepale niliporudi kutoka shule ya sekondari, na nilipoolewa kijiji cha jirani nikamkuta tena, kwa sababu msitu ni mmoja na mlinzi alikuwa mmoja. Nimemchukia kwa miaka mingi kuliko niliyompenda mtu yeyote. Naandika habari zake kwa kuwa ninalo shamba, na shamba hilo ninalo kwa sababu yake, na jambo hilo linanikera mpaka leo.

Kijiji chetu kiko upande wa Usoke, kati ya reli na ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Njia bado ipo. Imezama kwa nyayo za wapagazi, na wakati wa masika ukiipita unakanyaga maji. Msitu wa Serikali unaanzia pale shamba langu linapoishia. Katikati kuna mkuza tu, yaani ukanda uliofyekwa kuonyesha mpaka. Shamba hilo nilipewa na mavyaa wangu, mama wa mume wangu, nilipojifungua. Sina jingine.

Kwanza ilikuwa filimbi. Uko njiani na wenzako, kila mmoja na mzigo wake kichwani, mnasimuliana ya watu, mara filimbi inalia kwenye miti na kila mtu anajua siku imeharibika. Anatokea na kofia ya Serikali, na kiunoni nyundo. Nyundo ile haikuwa ya misumari. Uso wake ulichongwa alama, na mti au gogo likipigwa nayo linabaki na chapa. Chapa ikishagonga, kuni zile hazisogei mpaka wakubwa waseme. Wakubwa wako Tabora, hawana habari na mzigo wa kuni wa mama yeyote, basi zinaoza palepale njiani na nyumbani unapika kwa magunzi.

"Hizi ni kavu, Bwana Misitu," mama yangu alimwambia siku moja. "Tumeokota."

"Kavu ya leo ni mbichi ya jana," akajibu, akagonga.

Huo ulikuwa msemo wake wa kwanza. Alituhesabu sote kuwa tunachubua miti ili ikauke, halafu tunarudi baada ya miezi kuokota kama wacha Mungu. Wapo waliofanya hivyo, sitadanganya, lakini mama hakuwa mmoja wao. Msemo wa pili alioupenda zaidi ulikuwa huu: "Mti hauna mdomo. Mdomo wake ni mimi." Aliusema sokoni. Aliusema kwenye uwanja wa kanisa la Moraviani baada ya ibada, watu wakiwa na njaa. Aliusema hata msibani, pale vijana walipotaka kukata mti wa jeneza, akawatuma waende mbali hadi kwenye mti ulioanguka wenyewe, huku marehemu akisubiri.

Kubeba mzigo kwetu si aibu. Babu zetu walibeba pembe kutoka huku hadi pwani na kurudi na vitambaa, na msichana asiyejua kubeba alichekwa. Bwana Misitu alilijua hilo vizuri. Mwaka mmoja mvua kubwa ilimkuta mavyaa wangu msituni akiwa na kuni, mguu umeteguka. Bwana Misitu akamkuta ameketi chini ya mti anatetemeka. Akamvika koti lake. Akabeba ule mzigo kichwani kwake, yeye na kofia yake ya Serikali, akamshika mavyaa mkono, wakatembea polepole hadi kwenye mkuza. Walipofika mpakani akautua mzigo, akachomoa nyundo, akaupiga chapa.

Mavyaa aliisimulia habari hiyo miaka yote kwa kicheko. "Mkamwana, koti lake lilikuwa na joto!" Mimi sikucheka.

Na nyumbani kwake? Mkewe alikuwa mtu mwema, mpole. Alinunua kuni kwetu kwa mlango wa nyuma, na Bwana Misitu akala ugali wake bila kuuliza umeivishwa na nini. Tena alikuwa na mizinga ya nyuki msituni, mizinga ya magome. Kila mtu huku anajua mzinga wa magome unatoka wapi: unauvua mti koti lake ukiwa hai, na mti ukivuliwa hivyo unakufa. Nikamuuliza siku moja, nikiwa nimetoka shule na kiburi changu chote, magome yale aliyapata wapi.

"Kwenye mti wa mtundu uliokuwa unakufa," akasema.

"Ulikuwa unaumwa nini?"

"Uzee."

Akaondoka. Mti wenyewe niliuona. Ulikuwa kijana kuliko mimi.

Lakini hata mimi niliyemchukia niliona mambo. Alikuwa na mninga mmoja mkubwa karibu na kijito, na kila akipita aliugusa kwa kiganja, bila kusimama, kama mtu anayepita kitandani mwa mtoto aliyelala. Mninga ukijeruhiwa unatoa utomvu mwekundu, na niliwahi kumwona akikanda udongo na kuusiliba kwenye jeraha la mti, kisha akafunga kwa soksi yake ndefu ya kazi. Akatembea wiki nzima mguu mmoja una soksi na mwingine mtupu, na ole wake atakayecheka.

Basi ndivyo alivyokuwa lilipokuja tanuri.

Mzungu mmoja alikuja kutafuta dhahabu kwenye vilima vya mashariki yetu. Mawe aliyoyapata yalimetameta, ila dhahabu yake ilikuwa imefungwa ndani, haitoki mpaka mawe yachomwe kwanza. Akajenga tanuri kwenye uwanja ambapo zamani misafara ilipiga kambi, kwa kuwa pana kisima. Alipata ruhusa ya kukata kuni ng'ambo moja tu ya kijito. Akaajiri wanaume, na mume wangu akawa mmoja wa walisha moto. Kijiji kilifurahi. Nami nilifurahi. Nilinunua sufuria.

Moshi wa kuni unaujua, unapanda na kupotea. Moshi wa mawe yale ulikuwa mzito, mweupe wa kuelekea manjano, na haukupanda. Ulitambaa. Upepo wa kiangazi kwetu unatoka mashariki, basi ulituletea ule moshi kila siku, ukapita juu ya shamba langu, ukaingia msituni. Ulinuka njiti ya kiberiti iliyowashwa chini ya pua. Kalunde alikuwa mchanga. Alikohoa kikohozi kikavu cha mtu mzima, na mimi nikamfunika kanga usoni nikawa namziba pumzi kwa kutaka kumwokoa.

Kisha msitu ukaanza. Kwetu miti huchipua kabla ya mvua, majani yanatoka mekundu, msitu mzima unang'aa. Mwaka ule majani yalitoka, yakajikunja pembeni yakiwa machanga, yakawa ya kahawia, yakaanguka. Ndevu za kijivu zinazoota kwenye magome ya miti zikapukutika. Mvua zilipokuja tukaingia na vikapu kutafuta uyoga chini ya mitundu, kama tulivyofanya tangu enzi za bibi zetu. Hatukuona uyoga.

Na shamba langu likanidanganya. Karanga zilistawi juu, majani manene, mavyaa akasema mwaka huu tutakula mpaka tuchoke. Tulipong'oa, maganda yalikuwa mengi. Mavyaa akabonyeza moja. Tupu. Akabonyeza jingine. Tupu. Tukakaa pale chini, mimi na yeye, tunabonyeza maganda na kuyatupa. Mwisho akasema, "Udongo umechacha," na akaramba kidole chake akatema.

Mume wangu aliporudi nikamwonyesha. Akatazama maganda, akatazama mikono yake iliyoungua. "Hamtaki nifanye kazi?" akauliza. Tulikuwa tunakula mshahara wa tanuri kwa sababu tanuri lilikuwa limekula karanga.

Hapo ndipo Bwana Misitu alipoomba baraza kwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu. Tulikwenda sote. Alisimama na kaptula zake.

"Msitu unakufa," akasema. "Upande wote wa magharibi ya kijito, majani yameungua. Nani huingia msituni na moto? Wanawake. Wanachoma nyasi ili waone kuni."

"Moto gani usioacha masizi?" nikamuuliza. "Shina hata moja halina weusi."

"Mama Kalunde, subiri zamu yako," mwanangwa akasema.

"Zamu yangu lini? Kalunde akiolewa?" Watu wakacheka, nami nikaendelea. "Bwana Misitu, nenda kasimame kijitoni uangalie moshi wa tanuri unapopita. Ulipopita ndipo palipokauka. Usipopita, miti ni mibichi. Hata mbuzi anaona."

Akatabasamu. Nilichukia lile tabasamu kuliko nyundo.

"Binti wa shule, mbegu yako ya mahindi unaitundika wapi isiliwe na dumuzi?"

Nilijua anakokwenda.

"Juu ya meko," akajijibu. "Kwenye nini?"

"Kwenye moshi," watu wakasema.

"Boriti za nyumba ya mavyaa wake, zilizosimama tangu Mjerumani, mchwa hawazigusi. Nani amezilinda?"

"Moshi!"

"Nikienda kurina asali natangulia na nini?"

"Moshi!" Na sauti iliyopaa kuliko zote ilikuwa ya mavyaa wangu mwenyewe, ameketi pembeni yangu.

"Moshi ni dawa," akamaliza. "Hauui kitu isipokuwa wadudu. Nitamwomba mkubwa wangu wa Tabora ausogeze mkuza. Mashamba ya mpakani yaingie msituni, wanawake wakae mbali na miti."

Mashamba ya mpakani. La kwangu lilikuwa la kwanza.

Nilimwambia mavyaa njiani, "Umeniuza." Akasema, "Lakini si kweli, moshi unatunza?" Hakuwa anadanganya, na hapo ndipo palipouma. Kijiji kizima kiliishi kwa moshi. Ulitunza mbegu, nyama, nyumba, na uliwafukuza mbu. Ungemwambiaje mtu kwamba kitu kilichomlea kimeanza kumuua? Nilijaribu kueleza kuwa moshi wa jiwe si wa mti, kwamba una tindikali ndani yake, mvua inaushusha udongoni. Shule ilikuwa imenipa neno tindikali. Haikunipa mtu wa kulisikiliza. Mume wangu akasema, "Shamba lenyewe halizai. Waache walichukue, twende Usinge, kuna ardhi." Akaanza kuulizia watu wa Usinge. Nilimwambia aende yeye na sufuria ya mshahara wake.

Sasa, Bwana Misitu alikuwa na kasoro nyingi, lakini aliyaamini maneno yake. Baada ya baraza lile aliihamisha mizinga yake yote, akaitundika kwenye miti ya ukanda wa moshi. Nyuki wangetulia, alisema. Angerina bila hata kuwasha mwenge.

Msimu wa asali tulikuwa mkuzani, mimi na wanawake wengine wawili, tukamwona ndani kidogo. Alikuwa ameushusha mzinga mmoja ameupasua. Ndani mlikuwa na masega makavu na nyuki wachache wamelala kwenye sakafu ya mzinga kama makapi. Mizinga mingine ilikuwa imelala kando yake, mitupu vilevile. Yeye ameketi chini, ardhini, na kaptula zile.

Mmoja wetu hakuweza kujizuia. "Bwana Misitu! Nyuki wametulia?"

Tulicheka mpaka tukashikana. Hata filimbi hakuitafuta, na kuni tulikuwa nazo kichwani.

Siku zilizofuata akawa mtu wa ajabu. Alizunguka msitu akikwaruza magome kwa kucha. Alichimba chini ya mitundu akanusa udongo. Alisimama kijitoni, pale nilipomwambia asimame, akatazama juu mchana kutwa. Halafu akaja shambani kwangu bila hodi, akang'oa shina la karanga zangu za msimu ule wa pili, akabonyeza maganda.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Tangu lini?"

"Tangu tanuri."

"Sikukuuliza tangu nini. Nimeuliza tangu lini."

Nilitamani kumpiga jembe. "Mzuie yule mzungu," nikasema. "Wewe si ndiye mdomo wa miti?"

"Kwa sheria gani? Sheria ya moshi haipo."

"Basi kaa hapohapo."

Akafuta mikono kwenye kaptula, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Sheria ya kuni ipo," akasema.

Kesho yake nilimpelekea mume wangu chakula tanurini, Kalunde mgongoni, ndiyo maana niliona kwa macho yangu. Kando ya tanuri kulikuwa na rundo la kuni refu kuliko nyumba yetu. Bwana Misitu alifika amepigwa pasi kama siku ya mfalme. Akampigia mzungu saluti. Kisha akaanza kwenye mwisho wa rundo, gogo kwa gogo, anainama, anachungulia, anagonga. Magogo mengi yalikuwa ya ng'ambo isiyoruhusiwa, na mengi yalikuwa mninga, mti ambao sisi tukichuma hata jani lake tunaitwa wezi.

Mzungu akaja juu. Kiswahili chake kilikuwa cha kufokea watu tu, basi kilimtosha. "Wewe! Unanijua mimi nani?"

"Ndiyo, bwana," akasema, akagonga. "Huu ni mninga, bwana." Akagonga. "Na huu, bwana."

"Nitasema kwa DC! Utafukuzwa kazi!"

"Ndiyo, bwana. Na huu."

Mzungu akawageukia walisha moto. "Tia kuni! Tia!" Hakuna aliyesogea. Watu wale walikuwa wameiona chapa ile tangu utotoni kwenye mizigo ya mama zao, na hakuna aliyewahi kuuona mkono ukiigusa kuni iliyopigwa ukabaki salama. Mume wangu aliweka koleo chini, taratibu. Mimi nilisimama pale na kapu la chakula, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mlio wa nyundo ile ulikuwa mtamu masikioni.

Moto ulipungua alasiri. Jioni tanuri likawa limelala. Nilimvua Kalunde kanga usoni, akavuta pumzi, nikasubiri kikohozi. Hakikuja. Nikasubiri tena. Mavyaa akaniuliza nalia nini, nikamwambia silii.

Mkubwa wa misitu alitoka Tabora kwa sababu mzungu alikwenda kushtaki. Alipandishwa kilimani, nasi tukapanda nyuma yao bila kuitwa. Kutoka juu kila kitu kinaonekana: msitu mbichi huku, msitu mbichi kule, na katikati ukanda wa kijivu unaoanzia tanurini, unapita juu ya shamba langu, unapanuka kuelekea magharibi. Hata kipofu angeuona. Mkubwa akatazama muda mrefu.

"Uliniletea habari kuwa ni wanawake wanaochoma," akamwambia Bwana Misitu. "Ukataka niuhamishe mpaka."

Nilihisi Kalunde mgongoni anapumua. Bwana Misitu angeweza kusema ndiyo na kulinda heshima yake. Mtu aliyetia kaptula wanga hivyo, ningedhani heshima ndiyo kitu pekee alicho nacho.

"Wanawake wanaiba kuni," akasema. "Miti hawajaiua. Ni moshi."

Na mkuza ukabaki ulipo.

Sitamfanya mtakatifu. Tanuri halikufa kwa nyundo peke yake. Mzungu alikatazwa kuni za msitu wetu, na akaanza kusema kumbe mawe yenyewe hayana dhahabu ya maana, akapakia mabomba yake kwenye treni ya mizigo Usoke akaenda zake. Mume wangu alinuna mwezi mzima. Halafu akachukua jembe.

Zikabaki zile kuni. Rundo lile lote, lenye chapa, halina wa kuligusa. Mvua zilikuwa karibu. Udongo wa shamba langu ulikuwa mchachu bado, na mavyaa alikuwa akisomba udongo wa kichuguu kapu kwa kapu na kuumwaga, kama mtu anayejaza bahari. Tulijua jivu lingesaidia. Wazee walilima ulezi juu ya jivu, na hata kitabu changu cha shule kilikubaliana nao. Lakini jivu la jikoni ni la kusugulia sufuria, halitoshi shamba.

Bwana Misitu akapita siku moja, akatukuta tumesimama kando ya rundo tunalitazama tu, wanawake wote wa mpakani.

"Msiziondoe," akasema. "Kuni zenye chapa haziondoki mahali pake."

"Tunajua, Bwana Misitu. Umetufundisha vizuri," nikasema.

Akatembea hatua chache. Akasimama, mgongo kwetu. "Jivu," akasema, "halina pa kugonga chapa." Akaenda.

Tulitazamana. Kisha mmoja akacheka, na mwingine akakimbilia makaa. Tulizichoma palepale zilipo, hatukuondoa hata moja, na tukabeba jivu kwa madebe na vikapu na ungo, tukipita kwenye ile njia ya zamani kwa mstari, weupe kuanzia nywele hadi vidole. Tulimwaga, tukalima, tukamwaga tena. Yeye siku zile alikuwa na kazi nyingi sana upande wa pili wa msitu.

Msimu wa kwanza maganda mengi yalikuwa bado matupu. Msimu wa pili machache. Miti ya ukanda ule mingi ilikauka ikabaki hivyohivyo, lakini chini ya iliyokufa kumetoka machipukizi, mabaya, yamepinda, mabichi. Kalunde anakimbia bila kukohoa. Na Bwana Misitu? Alirudi kutunyang'anya kuni wiki ileile mvua ilipokatika. Alinipiga chapa mzigo wangu mimi mwenyewe, akaniambia, "Kavu ya leo, Mama Kalunde." Nilimtukana mpaka mkuzani.

Nimemwona tena mwaka huu, tukivuna karanga. Alikuja akifuata njia, suruali ndefu iliyopauka, magoti yamevimba, hakuna wanga. Akamsalimia mavyaa kwa lugha ya kwetu, "Mwangaluka, mayo," naye akamwitikia akampa kigoda. Hakukikalia. Alisimama ukingoni, hakuingia shambani mpaka nilipomkaribisha. Nikampa shikamoo kwa kuwa nimelelewa.

"Marahaba. Nimestaafu."

"Tumesikia. Tumelala usingizi."

Mdomo wake ukacheza kidogo. "Huyu mpya anawasumbua?"

"Ni kijana mwema. Anatuomba radhi kabla hajachukua kuni."

"Ataumaliza msitu," akasema kwa uchungu wa kweli.

Nilikuwa nimelibeba swali langu muda mrefu, nikalitua. "Nikuulize. Siku ile ya baraza yule mzungu alikuwa anachoma mawe mbele ya macho ya kila mtu, wewe ukasimama ukasema ni sisi. Uliniambia habari za mbegu na boriti. Kweli uliamini?"

"Niliamini."

"Na kama usingeamini?"

Akafikiri. Sikutegemea afikiri. Mavyaa aliacha kung'oa akasikiliza.

"Ningesema nyinyi," akasema. "Mti ukifa lazima nimshike mtu. Nyinyi mlishikika."

Hilo ndilo nililopewa badala ya samahani. Nilihisi hasira ikinipanda kutoka miguuni, hasira nzuri, yenye nguvu, na maneno yake yote nilikuwa nayo tayari, ya miaka. Nikafungua mdomo. Yeye alikuwa anatazama rundo la karanga zetu zinazoanikwa.

"Nahamia Goweko na mke wangu," akasema. "Nitalima. Nimekuja kuomba mbegu."

"Soko la Usoke limejaa karanga."

"Za sokoni sijui zimetoka udongo gani. Udongo huu naujua."

"Si ndio huu uliotaka uingizwe msituni?"

"Ndio huo."

Mavyaa akaanza kucheka chinichini, yule mzee. Nikachukua kapu, nikapiga magoti, nikaanza kumchagulia zile kubwa, nikibonyeza moja hapa na pale kuhakikisha. Zilijaa zote. Akasema chache zinatosha. Nikamwambia anyamaze, hili ni shamba langu, nikaendelea kujaza.